Mji mdogo wa vijijini: yanayodhaniwa na yaliyo kweli kuhusu mipaka, watu na utawala wake

Kibaigwa, Himo, Mirerani, Katoro na Usa River ni miongoni mwa sehemu za Tanzania Bara zilizowahi kupewa hadhi ya mji mdogo. Anayepita huona stendi, maduka ya jumla, nyumba za wageni na soko linalochangamka hadi usiku, akaamini kwamba yuko mjini na kwamba mji huo una serikali inayolingana na shughuli zake. Kisheria, hata hivyo, miguu ya mji mdogo bado imesimama katika wilaya ya vijijini, na dhana nyingi potofu kuhusu mipaka, watu na viongozi wake huanzia hapo. Maelezo haya yanahusu Bara pekee, kwa kuwa serikali za mitaa si jambo la Muungano na Zanzibar ina sheria zake: kule kiongozi wa shehia, yaani sheha, huteuliwa badala ya kupigiwa kura.

Dhana: Mji mdogo ni manispaa ambayo haijakua

Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili tofauti za serikali za mitaa, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mengi yanayofuata. Sheria Namba 8, ambayo leo ni Sura ya 288, inahusu mamlaka za miji, yaani halmashauri za miji, manispaa na majiji. Sheria Namba 7, ambayo leo ni Sura ya 287, inahusu mamlaka za wilaya, na ndani yake ndimo yalimowekwa masharti ya halmashauri za wilaya, halmashauri za vijiji na mamlaka za miji midogo. Kwa hiyo mji mdogo uko upande mmoja wa sheria na kijiji, wala hauko katika ngazi ya chini ya safu inayoanzia manispaa, hata kama una wakazi wengi na majengo ya ghorofa.

Matokeo yake yanaonekana katika kazi za kila siku. Mji mdogo unaongozwa na mtendaji aliye chini ya halmashauri ya wilaya, na hauna mkurugenzi wake wa kuandaa bajeti na kusimamia idara kama alivyo mkurugenzi wa manispaa. Mkazi anayelalamika kwamba mji wake unakusanya ushuru mwingi sokoni na haurudishiwi kitu anaweza kuwa na hoja, lakini aielekeze panapohusika: mgawanyo wa mapato hayo huamuliwa katika baraza la madiwani la wilaya nzima, ambamo madiwani wa kata za mji huo hukaa pamoja na wenzao wa kata za wakulima na wafugaji, na mara nyingi wao ndio wachache.

Hata karatasi ya kura hutofautiana. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, uliosimamiwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), mkazi wa kijijini alichagua mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji chake. Mkazi wa manispaa alichagua mwenyekiti wa mtaa na kamati yake. Kwa mkazi wa mji mdogo kanuni zilikuwa za peke yake, naye alichagua mwenyekiti wa kitongoji tu, kwa sababu eneo la mamlaka hiyo hugawanywa katika vitongoji, na wenyeviti wa vitongoji ndio msingi wa baraza lake. Anayeuliza kwa nini hakumpigia kura moja kwa moja mwenyekiti wa mji mdogo wake basi hakuibiwa haki yoyote, kwani mwenyekiti huyo hupatikana ndani ya baraza lenyewe.

Dhana: Mji unaojulikana zaidi wilayani ndio makao makuu, na mkoa wake ni ule ulio karibu nao

Kibaigwa inajulikana nchini kote kwa soko lake la nafaka kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na wapo wafanyabiashara walionunua mahindi hapo kwa miaka mingi bila kufika makao makuu ya wilaya yake, ambayo yako Kongwa. Barabara kuu na biashara hukuza mji kwa kasi ambayo ramani ya utawala haiifuati.

Mirerani ni mfano ulio bayana zaidi. Kwa kuwa wachimbaji na wanunuzi wa tanzanaiti hupitia Arusha au Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, watu wengi huandika na kutangaza kwamba Mirerani iko mkoani Arusha, na wengine huiweka Kilimanjaro. Iko wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, na makao makuu ya wilaya hiyo ni Orkesumet, mbali kusini katika nyanda za wafugaji. Kosa hilo lina historia yake, maana Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na anayetumia ramani ya zamani hakosei kwa wakati wake. Anayekosea ni yule anayepeleka malalamiko yake ya leo katika ofisi za mkoa ambao eneo hilo liliachana nao zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Dhana: Mipaka ya vijiji na kata ni ya asili na haibadiliki

Wazee wa eneo wanaweza kuonyesha mto au kilima kinachotenganisha koo mbili, na maelezo yao yana thamani yake. Mipaka ya kiutawala, hata hivyo, kwa sehemu kubwa ni kazi ya miaka ya karibuni. Vijiji vingi vilivyopo leo vilipata umbo lake wakati wa operesheni za kuwahamishia watu vijijini katika miaka ya 1970, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ndiyo iliyoviwekea utaratibu wa kuandikishwa. Halmashauri za wilaya nazo zilifutwa mwaka 1972 serikali ilipohamishia madaraka mikoani, kisha zikarejeshwa kwa zile sheria za 1982. Tangu hapo kata na vitongoji vimekuwa vikigawanywa kadiri watu wanavyoongezeka. Mikoa yenyewe haikusalimika: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016.

Dhana: Sensa huhesabu wenyeji, na idadi ikishuka watu wamehama

Hapa makosa ni mengi, nayo huzaa ugomvi usio na sababu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu kila mtu aliyelala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, pale pale alipolala. Mfanyabiashara wa Mwanza aliyelala katika nyumba ya wageni Himo alihesabiwa Himo, na kijana wa Kibaigwa aliyekuwa chuoni Morogoro usiku huo alihesabiwa Morogoro. Katika mji mdogo wa barabarani au wa machimboni, ambako watu huingia na kutoka kila siku, idadi iliyotangazwa ni picha ya usiku mmoja, nayo haikukusudiwa kuonyesha nani ana asili ya hapo.

Wapo pia wanaoamini kwamba serikali inayo orodha ya makabila ya kila kata na inaificha. Swali la kabila liliulizwa mara ya mwisho katika sensa ya 1967, na halikuulizwa katika sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 wala 2022. Hali ni hiyo hiyo kwa swali la dini. Kwa hiyo mtu anayetaja asilimia ya kabila fulani katika mji mdogo wowote leo anakisia tu, hata kama anakisia kwa kujiamini.

Kuhusu idadi kupungua, kanuni ya kwanza ni kutazama mipaka kabla ya kutazama watu. Kata iliyokuwa na vitongoji vingi wakati wa sensa ya 2012, kisha ikamegwa na kuzaa kata mpya, itaonekana mwaka 2022 kana kwamba imekimbiwa, ingawa hakuna familia iliyofunga mizigo. Nchi nzima iliongezeka kutoka watu 44,928,923 mwaka 2012 hadi 61,741,120 mwaka 2022, ambao ni wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka, na katika hali hiyo kata kupungua kweli ni jambo la nadra linalohitaji kuthibitishwa. Anayetaka kulinganisha vizuri hana budi kujumlisha kata mama na kata zote zilizotoka kwake. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo maana wengi huiruka na kuandika kwamba vijana wamehama.

Kaya nayo huchanganywa na nyumba. Katika sensa, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha, hasa chakula. Nyumba moja yenye wapangaji wanne kila mmoja na jiko lake ina kaya nne. Wastani wa kitaifa mwaka 2022 ulikuwa watu 4.3 kwa kaya, na anayezidisha wastani huo kwa idadi ya mapaa katika mji wenye nyumba za kupanga atapata jibu lililo chini sana ya ukweli.

Dhana: Mkuu wa wilaya ndiye mkubwa wa halmashauri

Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais na ni mwakilishi wa Serikali Kuu. Halmashauri ina mwenyekiti anayechaguliwa na madiwani miongoni mwao, na mkurugenzi mtendaji ambaye naye huteuliwa na Rais. Wilaya na halmashauri si kitu kimoja hata kwa eneo: Wilaya ya Arumeru ina Halmashauri ya Arusha na Halmashauri ya Meru, na Wilaya ya Kahama ina Manispaa ya Kahama pamoja na halmashauri za Msalala na Ushetu. Afisa tarafa yuko katika mstari wa Serikali Kuu, na tarafa haina baraza la kuchaguliwa. Kata inalo jukwaa lake, kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Ni kweli kwamba sauti ya mkuu wa wilaya husikika sana katika mambo ya halmashauri, lakini uzito wa sauti hauondoi ukweli kwamba bajeti hupitishwa na madiwani.

Dhana: Balozi wa nyumba kumi ni ngazi ya chini ya serikali

Dhana hii ilikuwa na ukweli ndani yake enzi za chama kimoja, ambapo balozi alikuwa kiungo cha chama na pia aliandika barua, alisuluhisha majirani na kuwatambulisha wageni. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, nafasi hiyo ilibaki kuwa ya chama, na ngazi ya chini kabisa ya kiserikali vijijini na katika miji midogo ni kitongoji. Balozi anaweza kuwa mtu wa busara anayewajua wote, lakini barua ya utambulisho yenye nguvu mbele ya ofisi ya umma hutoka kwa uongozi wa kitongoji, kijiji au mtaa.

Dhana: Mwenyekiti anaweza kugawa ardhi, na baraza la kata litamaliza mgogoro

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya awali ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, nao unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwenyekiti anayetia saini peke yake mezani kwake, hata akiwa na mhuri, hajagawa kitu, na mnunuzi anayeridhika na mhuri huo anajiweka mahali pabaya. Kwa upande mwingine, hatimiliki ya kimila iliyotolewa kwa utaratibu ina hadhi sawa na hati inayotolewa mjini. Wanaoiita karatasi ya kijijini hawajaisoma sheria hiyo.

Mabaraza ya kata yaliwahi kuamua migogoro ya ardhi, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaondolea uwezo huo na kuyaachia usuluhishi. Usuluhishi ukishindikana, mlalamikaji huendelea katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Dhana: Asilimia kumi ni msaada unaotolewa na mji mdogo

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, baada ya marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni mikopo isiyo na riba, na hurejeshwa ili kikundi kingine kikopeshwe. Kuzichukua kama zawadi ya uchaguzi ndiko kulikochangia malimbikizo ya madeni, na utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi kilicho katika mji mdogo huanzia kwa watendaji wa kata yake, lakini anayeidhinisha na kukopesha ni halmashauri ya wilaya.