Je, wajua rangi ya kahawia ya viazi vya kukaanga inahusiana vipi na misuli?

Kiazi kikichemshwa hakitoi akrilamaidi, kemikali yenye sumu, ya kutajika. Kikikaangwa mpaka kikawa cha kahawia, imo. Joto likipita takriban nyuzi 120 na maji yakishakauka, sukari na asidi amino iitwayo asparajini hukutana, na katika mchakato uleule unaoleta harufu ya kuvutia, akrilamaidi nayo huzaliwa. Mkate na kahawa pia zinayo.

Kuwemo kwake chakulani kuligunduliwa kwa mzunguko. Mwaka 1997 huko Hallandsås, Uswidi, dawa ya kuziba nyufa za handaki la reli ilivujisha akrilamaidi mtoni; samaki wakafa, ng'ombe wakapooza. Watafiti walipopima damu za wafanyakazi, walishangaa kukuta alama za akrilamaidi hata kwa watu ambao hawakuwahi kulisogelea handaki. Wakaifuatilia hadi jikoni, na mwaka 2002 wakatangaza kwamba imo kwenye chakula.

Sasa misuli. Uzi wa msuli si seli moja iliyorefuka. Ni seli changa nyingi, mayoblasti, ambazo huacha kugawanyika, hujipanga, hugusana, kisha utando wao hufunguka zikawa kitu kimoja chenye viini vingi. Protini kama MyoD na mayojenini ndizo huamuru kazi hiyo. Ni kazi ya kupeana zamu: mmoja akichelewa, wote hukwama.

Akrilamaidi ina tabia ya kunata kwenye salfa ya protini, na humaliza glutathioni, kinga ya seli. Huenda ndiyo maana seli changa za panya zikikuzwa maabara pamoja nayo huungana kwa shida, na nyuzi zinazotokea huwa chache na nyembamba.

Usitupe kikaango bado. Kipimo kinachotumika kwenye kisahani cha maabara hukizidi mno kile kinachofika kwenye damu baada ya mlo, tena mwilini kuna ini linaloichakata. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mjamzito: akrilamaidi huvuka kondo la nyuma, na mtoto tumboni ndiye yumo katikati ya kujenga misuli. Utafiti wa mwaka 2012 katika nchi tano za Ulaya ulihusisha kiwango kikubwa cha akrilamaidi na uzito mdogo wa kuzaliwa. Uzito si msuli, lakini mwelekeo ni uleule.

Vipande vya viazi vikilowekwa majini kabla ya kukaangwa, sehemu ya sukari huoshwa. Vitoe vikiwa vya dhahabu, kabla havijawa vya kahawia.