Ukimuuliza mtu kuhusu bosi wake, anakujibu kuhusu nini?

Dodoso langu la kwanza la maana nililigawa mara mbili. Msimamizi wangu wa shahada ya uzamivu ndiye aliyenishauri: uliza leo, uliza tena baada ya miezi mitatu, uone kama majibu yanasimama. Shirika lilikuwa lilelile, idara zilezile, wakuu walewale. Awamu ya kwanza, mkuu wa idara moja alipata alama za katikati. Awamu ya pili akapaa. Ana dira, husikiliza, hutia watu moyo: kila kauli ilipanda, hata ile ya "hueleza majukumu kwa uwazi", ambayo sikuona sababu yoyote ya kupanda. Nikafurahi, nikaanza kuandika aya nzuri kuhusu jinsi uongozi unavyokomaa.

Aliyenizindua ni karani wa utumishi. Nilikuwa nafunga bahasha zangu mezani kwake, akaniuliza kama nilikuwa na habari kwamba wiki ile idara ile ilitangaziwa bonasi. Sikuwa nayo. Bonasi yenyewe ilikokotolewa makao makuu kwa fomula, na mkuu wa idara hakuwa na mkono wake humo. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo tu, kwamba mkuu huyo alikuwa likizo ya ugonjwa karibu miezi yote mitatu. Kazi ilikuwa ikiendeshwa na kaimu. Yaani watu walikuwa wamempandisha alama mtu ambaye hawakuwa wakimwona.

Aya ile niliifuta. Nilichokitafiti tangu siku hiyo, ukikivua majina yake makubwa ya kitaaluma, ni hicho tu: mtu anapojaza dodoso kuhusu bosi wake, anaripoti alichokiona, au anaripoti kitu kingine?

Nilipozama maktaba nikakuta wenzangu walishapita njia hiyo zamani. Mwaka 1975 Dov Eden na Uri Leviatan waliwapa wanafunzi maelezo mafupi ya kiwanda cha kubuni, kiwanda ambacho hakipo, bila kuwaambia lolote kuhusu mwenendo wa msimamizi wake. Kisha wakawaomba wamtathmini msimamizi huyo. Wanafunzi wakajaza. Na majibu yao yalipochambuliwa, kauli zikajipanga katika mafungu karibu yaleyale yanayotokea kwa wafanyakazi wa kweli wanaowatathmini mabosi wa kweli. Hebu fikiria maana yake. Tulidhani mafungu yale yanatoka kwenye tabia za viongozi, kumbe yalikuwa tayari vichwani mwa wajazaji.

Si kwamba watu wanadanganya. Dodoso linauliza, "Ni mara ngapi msimamizi wako hukupa mrejesho?" na kukupa ngazi tano, kutoka "kamwe" hadi "kila mara". Hakuna anayehesabu mambo hayo. Mjazaji anatafuta kumbukumbu, anapata vipande viwili vitatu, kisha anajaza mapengo kwa picha ya jumla aliyonayo: huyu bosi ni mzuri, au huyu ananichosha. Edward Thorndike aliliona hilo mwaka 1920 alipochunguza tathmini za maofisa wa jeshi. Alama za akili, umbile, uongozi na tabia zilikuwa zinakwenda pamoja mno kuliko inavyowezekana kwa sifa zilizo mbalimbali. Sifa moja ilikuwa inazimulikia nyingine. Na James Meindl na wenzake, mwaka 1985, wakaonyesha kwamba tunamtaja kiongozi kuwa ndiye sababu hasa pale matokeo yanapokuwa mazuri sana au mabaya sana. Mambo yakiwa ya kawaida, hatumkumbuki. Bonasi yangu ilikuwa na maelezo yake tangu zamani. Mimi ndiye sikuwa nimesoma.

Ukiwauliza wakuu wenyewe, ni vibaya zaidi. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Basi nikaweka madodoso kabatini kwa muda, nikachukua daftari. Aliyenitia ujasiri ni Henry Mintzberg, ambaye utafiti wake uliotoka mwaka 1973 ulitokana na kukaa na watendaji wakuu watano, kila mmoja wiki moja, akiandika walichofanya dakika kwa dakika. Tangu Mfaransa Henri Fayol aandike kuhusu menejimenti mwaka 1916, ilikuwa ikifundishwa kwamba meneja hupanga, huratibu, hudhibiti. Mintzberg alikuta nusu ya shughuli zao hazifiki dakika 9, na moja tu katika kumi inazidi saa nzima. Hadi leo nikiwafundisha mameneja darasani, hiyo ndiyo takwimu inayowafanya waangaliane na kucheka.

Kukaa pembeni na daftari si kazi ya kujisifia. Wiki ya kwanza kila mtu anakunyamazia. Wiki ya pili wanaanza kukuomba uandike malalamiko yao. Kuanzia ya tatu unakuwa kama kabati. Ukurasa mmoja wa daftari langu unaanza hivi: "2:14, simu. 2:16, fundi anaingia, anauliza neno moja, anatoka. 2:17, anarudi kwenye barua ileile. 2:19, simu." Barua ileile ilimalizika saa 5 kasorobo.

Katika mkutano wa siku hiyo lilitokea jambo ambalo nusura nisiliandike. Kijana mmoja, wa mwisho kuajiriwa, alimkatiza mkuu wa idara niliyokuwa naitazama akasema jedwali lililoko ukutani ni la mwezi uliopita. Kimya. Mkuu akaweka kalamu mezani, akamtazama, akasema, "Haya, tupe la mwezi huu." Akaandika tarakimu alizotajiwa, akaendelea na ajenda. Haikuchukua hata dakika moja. Hakumshukuru sana, hakutoa hotuba kuhusu uwazi. Wiki iliyofuata nilihesabu watu watatu, wote wa ngazi za chini, walioleta makosa mezani kwake: mawili yao wenyewe na moja la mkuu.

Baadaye niliwapa watu wa idara hiyo dodoso. Kwenye kauli ya "hukaribisha maoni tofauti", mkuu yule alipata alama za kawaida kabisa. Hana tabasamu, hana maneno ya kuvutia. Katika mahojiano nilimtajia mmoja wao tukio la jedwali, akaniuliza, "Jedwali gani?"

Amy Edmondson alikutana na jambo la jamii hiyo hospitalini, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996. Alitarajia timu za wauguzi zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache ya kutoa dawa. Takwimu zikamjia kinyume: timu bora zilikuwa na makosa mengi zaidi. Ilibidi achimbe ili aelewe kwamba hazikosei zaidi, ila huko watu hawaogopi kusema wamekosea. Ninampenda mtafiti ambaye matokeo yake yalimpiga kofi naye akakaa kutafuta sababu badala ya kuyaficha kwenye droo.

Nisije nikaonekana nauza daftari. Macho nayo yana makosa yake. Kila anayesoma menejimenti husimuliwa habari za kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago, ambako majaribio yalianza mwaka 1924: ati taa ziliongezwa, uzalishaji ukapanda, zikapunguzwa, ukapanda vilevile, kwa sababu wafanyakazi walijua wanatazamwa. Hadithi tamu. Steven Levitt na John List walizipata takwimu za awali za taa, wakazichambua upya, na mwaka 2011 wakachapisha kwamba athari hiyo, kama ipo, ni hafifu mno. Taa zilikuwa zikibadilishwa kwa kawaida siku ya Jumapili, na Jumatatu uzalishaji hupanda hata taa zisipoguswa. Bado napokea makala za kuhakiki zinazoirudia hadithi ile kama msahafu.

Upande wa maisha ya kazi hii sina mengi. Kupata ruhusa ya kuingia kwenye shirika hukuchukua muda mrefu kuliko kukusanya data. Wahakiki wa majarida siku hizi hawakubali tena umuulize mtu mmoja, siku moja, kwenye karatasi moja, kuhusu bosi wake na kuhusu furaha yake kazini, halafu utangaze kwamba la kwanza limezaa la pili. Wana haki. Aliyelala vibaya jana atakuwekea alama za chini kote kuwili, na wewe utaita uhusiano. Majaribio yanahitajika, au vyanzo viwili tofauti, au subira ya miaka.

Hata hivyo madodoso niliyatoa tena kabatini. Ilinichukua muda kukubali kwamba kile nilichokiita kosa la kipimo, yaani ile picha iliyo kichwani mwa mjazaji, ni kitu chenye nguvu zake. Mwaka 1973 Virginia Schein aliwauliza mameneja wa kati 300, wote wanaume, waeleze sifa za wanaume kwa jumla, za wanawake kwa jumla, na za meneja aliyefanikiwa. Sifa za meneja zilifanana na za wanaume kuliko za wanawake. Hakupima kiongozi yeyote. Alipima picha, na picha hiyo ndiyo inayokaa kwenye kiti cha mbele katika kila kamati ya usaili.

Hapo ndipo humkumbuka kaimu wa idara yangu ya kwanza, yule aliyeshika kazi miezi mitatu. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akipita meza moja baada ya nyingine kila asubuhi akiuliza nani amekwama wapi. Nafasi ya ukuu ilipotangazwa aliomba, akakosa. Karani yuleyule ndiye aliyeniambia walichosema kwenye kamati: mchapakazi sana, lakini hana sura ya uongozi. Nilirudi kwenye faili langu kutafuta alama zake. Sikuwa nimeweka hata swali moja lililomhusu.