Rula kwenye ramani haipimi safari ya ndege

Mpwa wangu, hapa Mombasa, aliweka rula juu ya ramani ya ukutani kutoka London hadi Los Angeles. Aliposikia ndege hupitia upande wa Greenland, kisiwa cha kaskazini ya mbali, akasema, "Mjomba, si rubani anazunguka bure!"

La, baba. Dunia ni mviringo. Ramani huitandaza, na karibu na ncha za dunia, kaskazini na kusini, huitanua mno. Nilimpa uzi na tufe la dunia. Alipoukaza kati ya miji hiyo, uzi wenyewe ulipanda hadi Greenland. Hiyo ndiyo njia fupi, takriban kilomita 8,800. Sisi tulio digrii 4 tu kusini mwa ikweta hatulioni hilo upesi: mstari wa kwenda Singapore haupindi sana.

Muda nao si kugawanya umbali kwa mwendo tu. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 420 angani. Kwa kilomita 800 kwa saa, ungetarajia nusu saa. Lakini ndege hutambaa uwanjani, hupanda, hushuka, pengine hungoja zamu ya kutua. Ndiyo maana tiketi huandika kama saa nzima.