Umebadilisha profaili, hujabadilisha IP

Nimeulizwa tena kuhusu nmcli, amri ya kuendesha NetworkManager, ile programu inayosimamia mtandao kwenye Linux: "Kaka, nimepiga nmcli con mod nikaweka IP mpya, mbona ip a inaonyesha ile ile, hii kitu ina bagi?" Haina bagi jamani. Mbaya zaidi anariboot seva, IP mpya inatokea, basi anaanza kufundisha wenzake kwamba Linux ukibadilisha IP lazima uriboot. Hapo ndo nachoka.

NetworkManager inatenganisha kadi ya mtandao na koneksheni. Koneksheni ni profaili tu, yaani mipangilio iliyohifadhiwa, kwenye RHEL 9 (Linux ya Red Hat) ni faili limekaa /etc/NetworkManager/system-connections (ukienda network-scripts kule kwa zamani unakutana na readme, pole). con mod inaandika kwenye profaili, kwa IP imeishia hapo. Kadi inaendelea na anwani iliyopewa koneksheni ilipowashwa mara ya mwisho mpaka upige nmcli con up. Na con reload isikudanganye, inasoma mafaili upya toka diski, kadi haigusi. ip addr add ndo kinyume chake, inakubali papo hapo ila haijaandikwa popote, ukiriboot imeyeyuka.

Sasa kinachoniudhi kabisa ni hawa wa IP mbili. Mtu anaweka ipv4.addresses halafu ipv4.method kaiacha auto, na NetworkManager wala haigombi, inaweka anwani yako PAMOJA na ile ya DHCP (inayogawiwa yenyewe na mtandao), kadi moja inabeba zote mbili, faiawoli inaruhusu moja tu, jamaa anashinda siku nzima analaumu rauta ya watu. Andika kwa mkupuo (ofisi ni jina la profaili):

nmcli con mod ofisi ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.1.50/24 ipv4.gateway 192.168.1.1 ipv4.dns 192.168.1.1

Halafu nmcli con up ofisi. Kama umeingia kwenye seva kwa mbali kwa SSH usianze na con down, maana ukishaizima hiyo con up utaiandikia wapi? con up peke yake inatosha hata kama koneksheni iko hewani, sesheni itaganda, ingia upya kwa IP mpya.

Kuna na nmcli dev reapply, hiyo ni mpole, haiangushi koneksheni, ila kuna mabadiliko inayakataa na lazima urudi kwa con up tu. Kwa seva iliyo mbali bado nasita nianze na ipi, mara nyingi napiga con up huku kuna mtu kule kakaa karibu na kibodi.