Kifungashio cha Seti ya Dharura ya Mfukoni: Yanayosemwa na Wateja na Ukweli Wake

Seti ya dharura ya mfukoni ni kikopo cha bati au kimfuko cha plastiki chenye filimbi, dira ndogo, ndoano na mshipi, wembe, viberiti na vidonge vya kusafishia maji, ambacho mtu hubeba aendapo mlimani au msituni ili akipotea awe na pa kuanzia. Katika maoni ya wanunuzi kuhusu kifungashio chake yamo mambo kadhaa yanayorudiwa sana ilhali si kweli.

Dhana: Anayelalamikia kifungashio analalamikia sura tu, kwa kuwa kilicho muhimu ni vifaa vilivyomo.

Ukweli: Kifungashio kikishindwa, vifaa navyo vimeshindwa. Kiberiti kikilowa hakiwaki, ndoano hushika kutu, na vidonge vya klorini hupoteza nguvu vikiingiwa na unyevu. Tena vidole vilivyopigwa na baridi hupoteza wepesi, kiasi kwamba mtu hushindwa kutenganisha kingo za mfuko wa zipu ambao nyumbani aliufungua bila kufikiri. Kwa hiyo mteja anayeandika kwamba alilazimika kutafuta mkasi ili apasue plastiki ngumu ametoa taarifa ya usalama, maana kifaa pekee cha kukatia ambacho mtu aliyekwama angekuwa nacho ni wembe uliofungiwa ndani ya plastiki hiyohiyo. Kero hii si ya bidhaa hizi peke yake: mwaka 2008 kampuni ya Amazon ilianzisha mpango wa vifungashio vinavyofunguka kwa urahisi, kwa sababu ya malalamiko ya aina hiyo.

Dhana: Nyota tano zinatosha kuthibitisha ubora wa kifungashio.

Ukweli: Inategemea zilitolewa lini. Mtu aliyefungua mzigo mezani, penye mwanga, mikono yake ikiwa mikavu, anaweza kusifu kwa haki jinsi kila kitu kilivyopangwa, lakini sifa hiyo haisemi lolote kuhusu mvua wala giza. Mimi ningemsikiliza kwanza yule aliyeibeba seti mfukoni kwa msimu mzima, hata kama ametoa nyota tatu.

Dhana: Ikiandikwa kwamba haipitishi maji, basi haipitishi.

Ukweli: Maneno hayo pasipo kipimo ni tangazo tu. Kipimo cha IP67, kwa mfano, kinamaanisha kifaa kimestahimili kuzamishwa majini kwa kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kikopo cha peremende chenye bawaba, ambacho hutumiwa kufungia seti kama hizi, kina matundu madogo nyuma, palepale bawaba ilipo, na ndiyo sababu watu hukizungushia utepe wa gundi. Utepe huo usaidie bila kuwa kikwazo: ncha yake ikunjwe ibaki kama ulimi mdogo wa kuvutia, la sivyo vidole vyenye ganzi havitaipata.

Dhana: Seti iliyofungwa kiwandani isifunguliwe hadi siku ya dharura.

Ukweli: Vidonge vina tarehe ya mwisho wa matumizi, na kifaa usichowahi kukishika hutakimudu gizani. Wateja wanaolalamika kwamba wakishafungua hawawezi kurudisha kila kitu mahali pake wana haki kabisa.

Dhana: Kikopo chenyewe chatosha kuwa sufuria ya kuchemshia maji.

Ukweli: Kikopo cha takriban sentimita 9.5 kwa 6 kwa 2 hakifikishi mililita 120, na kile cha bawaba huvuja.

Dhana: Dira iliyomo ni mbovu.

Ukweli: Huenda ni mbovu kweli, lakini lalamiko hili linahitaji swali moja kabla ya kukubaliwa: mteja aliisomea wapi? Bati la kopo ni chuma kilichopakwa madini ya bati, na chuma huvuta sindano ya dira. Akiisoma ikiwa juu ya mfuniko itampotosha hata ikiwa nzima; aitoe, aweke kopo mbali, kisha aisome tena.