Mlima wa Jeremiah Johnson ulikuwa na wenyewe

Kila kundi la WhatsApp nililomo halikosi mtu wa kuituma: kapicha kafupi kanakojirudia, mwanamume mwenye ndevu zilizojaa, amezungukwa na miti, anaitikia taratibu kwa kichwa huku kamera ikimsogelea usoni. Hutumwa pale mtu anapotaka kusema, "Hapo umenena." Wengi wanaamini huyo ni Zach Galifianakis, mchekeshaji wa Marekani. Siye. Ni Robert Redford, aliyefariki Septemba 2025 akiwa na miaka 89, na kipande hicho kimekatwa kutoka filamu ya Jeremiah Johnson ya mwaka 1972, iliyoongozwa na Sydney Pollack, juu ya mzungu anayekwenda kuishi kama mtegaji wa wanyama katika milima ya Rocky, magharibi mwa Marekani.

Hilo ni kosa dogo, halimuumizi mtu. Filamu yenyewe naipenda sana, na kwa kuwa naipenda, nataka aliyeitazama ajue ni wapi imesema kweli na ni wapi imetuachia picha isiyokuwepo. Nitayapitia moja moja yale ambayo watu huyasema juu yake.

"Ni maisha ya mtu halisi, yalivyokuwa"

Mtu halisi alikuwepo. Jina lake lilikuwa John Johnston, mara nyingine likiandikwa Johnson, mzaliwa wa New Jersey mnamo mwaka 1824 hivi. Filamu yenyewe imejengwa juu ya vitabu viwili: riwaya ya Vardis Fisher ya mwaka 1965, na kitabu cha Raymond Thorp na Robert Bunker cha mwaka 1958 kilichokusanya masimulizi ya wazee. Masimulizi ya wazee ni matamu, na kila aliyeyapokea aliongeza chumvi yake.

Tuhesabu miaka. Zama za wategaji wa milima ya Rocky zilifikia ukingoni mwaka 1840. Mwaka huo Johnston alikuwa kijana wa miaka kama 16. Tunachokijua juu yake ni cha baadaye. Alijiunga na jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya Kaskazini, mwaka 1864, katika kikosi cha wapanda farasi cha Colorado, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Kisha akawa Montana, akikata kuni na kuziuzia meli za moshi zilizopanda mto Missouri. Uzeeni alikuwa askari wa mji, Red Lodge akiwa mmojawapo wa miji aliyoilinda. Alifariki Januari 1900 katika nyumba ya kutunzia wanajeshi wastaafu, huko Los Angeles, karibu na bahari, mbali kabisa na theluji.

Nadhani mkata kuni huyo angestahili filamu yake. Kuamka alfajiri, kupanga magogo kando ya mto, kusikiliza honi ya meli ya kwanza baada ya barafu kuyeyuka: hapo pana maisha yenyewe, bila kuongeza kitu.

"Aliua Crow 300 akala maini yao"

Jina la utani la Mla Maini alikuwa nalo kweli. Hadithi inadai kwamba mwaka 1847 watu wa kabila la Crow walimuua mke wake, binti wa kabila la Flathead, naye akalipiza kisasi kwa miaka mingi, kila aliyemuua akimtoa ini. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu hawakupata ushahidi wa mke huyo wala wa kisasi hicho. Jina lenyewe linahusishwa na mapigano ya miaka ya 1860 dhidi ya kabila la Sioux, karibu na mto Musselshell, ambako inasemekana alifanya mzaha na kipande cha ini kisuni. Na kwa Crow, aliishi nao vizuri kuliko hadithi inavyotaka.

Pollack na Redford walilitupa ini lote nje ya filamu. Kisasi walikibakiza, na kwa hiyo mtazamaji anayesoma baadaye juu ya Mla Maini huona kama amegundua "ukweli uliofichwa". Alichokigundua ni uzushi wa zamani zaidi.

"Kule juu hakukuwa na watu"

Hili ndilo linaloniuma. Filamu ni tulivu. Maneno ni machache, theluji ni nyingi, na Redford mara kwa mara ni doa dogo jeusi chini ya mlima mweupe. Ilipigwa Utah, si kwenye majukwaa ya studio, na ubaridi ule unauona kwenye pumzi za watu. Ukimaliza kuitazama unabaki na picha ya dunia tupu inayomngoja mtu mmoja jasiri.

Lakini angalia vizuri. Mwanzoni kabisa Johnson amesimama ndani ya kijito cha maji ya barafu, anahangaika kukamata samaki, hapati kitu. Anainua macho. Kando ya kijito yupo mpiganaji wa Crow juu ya farasi, anamtazama, hasemi neno. Mgeni ni nani hapo? Mwenyeji ni nani? Filamu inajua jibu. Sisi watazamaji ndio tunaolisahau.

Crow, ambao wenyewe hujiita Apsáalooke, walikuwa na mipaka, maadui, washirika, makaburi na njia za kuhama kwa majira. Hao wanaoitwa Flathead ni Salish, na jina hilo la "vichwa bapa" walipachikwa na wageni, maana vichwa vyao ni kama vya watu wote. Filamu inawaonyesha wakiwa Wakatoliki, wakizungumza Kifaransa, na wengi hudhani ni ubunifu wa mwandishi. Si ubunifu mtupu: mwaka 1841 padri Mjesuiti Pierre-Jean De Smet alianzisha misheni kwao, katika bonde la Bitterroot, baada ya wao wenyewe kutuma ujumbe mara kadhaa hadi St. Louis kuomba mapadri. Watu wa namna hiyo hawakuwa wamejificha mwisho wa dunia.

Wategaji wa kizungu nao hawakuwa wapweke kiasi hicho. Wengi walitembea kwa makundi, na wengi waliajiriwa na kampuni au walikuwa na madeni kwake. Kuanzia 1825 hadi 1840, karibu kila kiangazi palifanyika gulio kubwa milimani: ngozi za mwaka mzima zinashushwa, baruti, kahawa, sukari na pombe zinanunuliwa kwa bei ya kukamua. Kuna aliyefanya kazi miezi kumi ndani ya maji baridi akaondoka gulioni na deni jipya.

Maji baridi nasema kwa makusudi. Biva, mnyama mwenye mkia bapa na meno ya kukatia miti, hutegwa ndani ya maji. Mtego wa chuma uliwekwa chini, karibu na ukingo, na juu yake kijiti kilichopakwa majimaji ya tezi ya biva mwenyewe ili kumvuta mwenzake. Mtegaji alitembea ndani ya kijito ili asiache harufu nchi kavu. Fanya hivyo miaka mitano, kisha uulize magoti yake. Na yote hayo ni kwa ajili ya kofia: manyoya laini ya ndani yalishindiliwa yakawa kitambaa kigumu cha kofia za mabwana wa mijini. Biva walipopungua na mitindo ikahamia kofia za hariri, biashara ikafa.

"Watu wa milimani wote walikuwa wazungu"

James Beckwourth, Mmarekani mweusi, alizaliwa utumwani Virginia, akawa mtegaji, akaishi miaka kadhaa na Crow, na mwaka 1850 akaonyesha njia ya kuvuka milima ya Sierra Nevada ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Siwezi kueleza kwa nini sinema kubwa haijamgusa ipasavyo.

"Crow ndio maadui wa filamu"

Tulizoea hivyo kwenye picha za makauboi: stelingi ni yule mwenye kofia, maadui ni wenye manyoya kichwani. Hapa wanajeshi wanamwomba Johnson awaongoze kwenda kuokoa walowezi waliokwama theluji. Njia ya mkato inapita katikati ya makaburi ya Crow. Anakataa, anabembelezwa, anakubali. Akirudi peke yake anapita tena pale, anaona kwenye mifupa pambo la buluu kama la mke wake, na hapo anaanza kukimbiza farasi. Amechelewa: nyumbani mke wake ameshauawa. Damu yote ya baadaye inatokana na "ndiyo" ile moja, yake mwenyewe.

Kuhusu mwisho, wengi huapa kwamba ni amani imefanyika. Kinachoonekana ni hiki tu: yule Crow wa kijitoni yupo mbali, juu ya farasi. Johnson anaigusa bunduki. Crow anainua mkono wazi. Johnson anaiacha bunduki, naye anauinua wake.