Kwa nini BWANA huandikwa kwa herufi kubwa

Katika mafunzo yetu ya Biblia hapa Bukavu, Isaya 42:8 huwasimamisha watu: "Mimi ni BWANA, ndilo jina langu." Mama mmoja wa Kadutu aliusoma mstari huo kwa sauti, akaangua kicheko: "Bwana yangu iko ku nyumba!"

Alicheka kwa haki. Bwana ni cheo, si jina. Katika Kiebrania mahali hapo pana herufi nne, yod, he, waw, he, na hilo ni jina hasa. Ufupisho wake, Yah, mnauimba kila Jumapili ndani ya "haleluya", na wenye kuitwa Eliya au Yeremia wanatembea nao. Wayahudi waliacha kulitamka kwa heshima. Wakilifikia, husoma Adonai, "Bwana wangu".

Kisha ikaja tafsiri ya Kigiriki, iliyoanzwa Alexandria karne ya 3 kabla ya Kristo. Baadhi ya nakala za kale sana zimeliacha jina katika herufi za Kiebrania, katikati ya Kigiriki. Lakini nakala walizotunza Wakristo zina Kyrios, yaani Bwana, na hapo maana ikapata mlango mpya. Yoeli 2:32 inasema atakayeliitia jina lile la herufi nne ataokoka. Paulo anaunukuu mstari huo kwa Kigiriki katika Warumi 10:13, akiwa anamzungumzia Yesu, ambaye waumini walikuwa tayari wanamwita Kyrios. Hakuhitaji kubadili hata neno. Kwa Kiebrania hoja hiyo isingepita kirahisi namna ile.

Na Yehova? Waandishi wa Kiyahudi waliziwekea herufi nne irabu za Adonai, kumkumbusha msomaji asilitamke jina. Wakristo wakasoma vyote kwa pamoja, ikatoka Yehova. Wataalamu wengi huona Yahwe ndiyo karibu zaidi na matamshi ya kale, ingawa tangu 2008 Vatikani imeagiza lisitamkwe katika ibada wala nyimbo za misa.

Tafsiri ya Kiswahili ya 1952 iliacha YEHOVA katika Kutoka 6:3, kwingine kwingi ikaandika BWANA, kwa herufi kubwa ili kuonyesha kwamba hapo pana jina lile la herufi nne. Tafsiri ya Habari Njema ikachagua Mwenyezi-Mungu. Mimi binafsi BWANA hunitatiza nikifika Hosea 2:16, pale Mungu anapokataa kuitwa Baali. Baali kwa Kiebrania ni mwenye mali, au mume: kwa Kiswahili cha Kadutu, bwana.